Chinchila na Ubao wa Kizimba

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Chiriku alikuwa na kazi moja tu nyumbani, nayo ilikuwa ya ubao. Alikwenda chumba cha nyuma, akafungua mlango wa kizimba, akauchomoa ubao uliofunika sakafu ya waya, akaukwangua mavi, akausugua kwa brashi na maji ya moto, kisha akauegemeza ukutani upigwe na jua. Ubao wa pili, uliokuwa umekauka tangu jana, aliuingiza mahali pake. Kazi hiyo ilimla nusu saa nzima, na nusu saa ya asubuhi kwa mtoto wa darasa la sita si kitu cha mchezo.

Jina lake halisi lilitumika shuleni tu. Nyumbani na mtaani aliitwa Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Aliongea akila, aliongea akipiga mswaki, na mama yake aliapa kwamba hata usingizini alikuwa akibishana na mtu.

Aliyeishi ndani ya kizimba hicho alikuwa Pamba, chinchila dume. Kama hujawahi kumwona chinchila, usione haya. Mtaa mzima ulikuwa haujamwona. Ni mnyama wa jamii ya panya, ukubwa wake kama sungura mchanga, masikio ya duara, mkia wenye kishungi, na manyoya mengi na laini kiasi kwamba ukimgusa unajiuliza kama kweli umegusa kitu. Asili yake ni milima ya baridi, kwa hiyo joto humdhuru. Tena haogi maji. Yeye huwekewa bakuli la vumbi laini akagaagaa humo mpaka ashibe, na akitoka hapo chumba kizima kinahitaji kufagiliwa. Mama, ambaye alikuwa mshonaji, alimwita panya mwenye koti. Alisema koti lenyewe hata yeye hawezi kulishona.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba. Kwa miaka ishirini alikuwa ametengeneza milango, vizimba vya kuku na vyuma vya madirisha, kazi ambazo watu huzilipia wakazisahau. Siku moja mwenye duka la wanyama wa kufuga alikuja na Pamba ndani ya boksi. Sikio la Pamba lilikuwa limechanika kidogo, wanunuzi wakawa wanamruka. Mwenye duka akapendekeza jambo: Baba atengeneze kizimba kimoja cha chinchila, akae na Pamba miezi miwili, na kama mnyama atatoka mzima, yeye Baba atapewa kazi ya vizimba kumi na viwili, na baada ya hapo vingine. Baba alikubali kabla yule bwana hajamaliza sentensi. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa anataka kitu alichokibuni yeye mwenyewe kichwani mwake.

Kizimba kilikuwa kizuri, tusimnyime fundi haki yake. Kilikuwa na rafu tatu za kurukia, na sakafu ya waya wenye matundu, ili uchafu udondokee kwenye trei ya bati chini yake, kama kwenye vizimba vya kuku. Daktari wa mifugo alipoletewa akione, alikisifu, ila akaitilia shaka ile sakafu. Alieleza kwamba mifupa ya miguu ya chinchila ni myembamba kama njiti za kiberiti. Akiruka, mguu ukazama kwenye tundu la waya, unakatika. Na hata usipokatika, kukanyaga waya mtupu siku hadi siku huchubua nyayo mpaka zinaota vidonda. Baba hakubisha. Alikata mbao mbili za mti usiopakwa rangi, zinazoingia sawasawa juu ya waya, akamwita binti yake.

"Kizimba ni changu," akamwambia. "Ubao ni wako."

Chiriku aliitika kwa furaha. Kwa wiki nne alifanya kazi yake bila kukumbushwa, huku akimpigia Pamba soga za shuleni. Kisha ikaanza kumchosha, kama kazi yoyote inayorudi kila siku. Akawa anachelewa gwaride, na mikono yake ikawa inanuka mkojo wa panya mwenye koti. Basi jioni moja akaitazama ile trei ya bati na wazo likamjia. Uchafu mwingi Pamba alikuwa anautoa usiku, maana chinchila hulala mchana na kuchangamka giza likiingia. Baba naye alikuwa na kawaida ya kuchungulia kizimba mara moja, anaporudi kutoka karakana jioni. Je, akiutoa ubao Baba akishachungulia, halafu akaurudisha asubuhi? Uchafu wa usiku wote ungedondoka kwenye trei, na ubao ungebaki mkavu. Kumwaga trei ni dakika tano.

Alijiona mjanja kweli. Hakufikiri hata kidogo kwamba saa alizoutoa ubao ndizo saa ambazo Pamba alikuwa anaruka.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda vizuri, ya pili vilevile. Siku ya sita aliona nyayo za Pamba zimekuwa nyekundu, akajiambia labda ndivyo zilivyo. Siku ya tisa, Alhamisi asubuhi, alifungua mlango wa chumba cha nyuma akamkuta Pamba amelala ubavu sakafuni mwa kizimba, mguu wa nyuma wa kushoto umezama kwenye waya hadi gotini na umepinda mahali ambapo mguu haupaswi kupinda.

Alimkamata haraka amtoe, na Pamba kwa hofu akajinyofoa, akamwachia konzi nzima ya manyoya kiganjani. Alijaribu tena taratibu, safari hii akafaulu. Mfupa haukuwa umetoka nje, lakini palikuwa na mchubuko wenye damu, na mguu ulining'inia. Chumba cha pili Mama alikuwa anakanyaga cherehani. Nje Baba alikuwa anapanga vyuma huku akipiga mluzi. Hapo ndipo Chiriku alipotakiwa kupiga kelele, yeye ambaye alipigia kelele kila kitu. Badala yake alirudisha ubao juu ya waya, akachukua utepe wa kitambaa kwenye kapu la vipande la Mama, akatafuta kijiti, akaufunga mguu wa Pamba kwa nguvu zote ili mfupa uunge. Akafunika kizimba kwa shuka, akamwambia Mama kwamba Pamba amelala na asisumbuliwe, akaenda shule. Siku hiyo hakuongea njia nzima.

Ijumaa Pamba hakula. Chiriku alimsogezea majani makavu mpaka puani, naye akageuza kichwa. Msichana akajipa moyo kwamba mgonjwa yeyote hukosa hamu ya chakula. Jioni zote mbili Baba alipokuja kuchungulia, alimwambia Pamba amelala chini ya shuka, naye akaridhika.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na harufu. Chiriku alikata ule utepe kwa mkasi, na chini yake mguu ulikuwa umevimba, umekuwa baridi na mweusi kwa mbali, na alama ya utepe imeuzunguka kama pete. Aliutupa utepe na kijiti dirishani. Ndipo akamwita Baba, na Baba alipokuja mbio akiwa na glavu zake za ngozi mikononi, Chiriku akamwambia kwamba amemkuta hivyo sasa hivi, mguu umenaswa kwenye pengo kati ya rafu na ukuta wa kizimba.

Baba alilitazama lile pengo kwa muda mrefu. Alimlaza Pamba kwenye boksi la viatu lililotandikwa taulo kuukuu, akalibeba kwa mikono miwili hadi kwa daktari, Chiriku akimfuata nyuma.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Alimchunguza Pamba juu ya meza, akaugusa ule mguu kwa ncha ya kidole, akasikiliza kifua, kisha akauliza limetokea lini. Chiriku akajibu kwamba ni leo asubuhi. Daktari akauliza kama kuna mtu aliyeufunga mguu huo na kitu chochote. Chiriku akatikisa kichwa.

"Naona kama ni jeraha la zamani kidogo kuliko hapo," daktari akasema, akimtazama yeye, si Baba. "Sikuulizi ili nikugombeze. Kama ni la leo, nampa dawa ya maumivu na ya vijidudu, nangoja hadi kesho kuona kama damu itarudi mguuni. Kama ni la siku mbili, mguu umekufa, na lazima niukate leo kabla uozo haujapanda. Ni lini?"

Chiriku alifungua mdomo. Kabla hajatoa sauti, Baba aliweka mkono begani mwake.

"Daktari, mwanangu ana maneno mengi, lakini hasemi uongo," alisema. "Kosa ni langu. Nimeacha pengo."

Mkono ule begani ulikuwa mzito kuliko chuma. Chiriku akasema ni leo.

Daktari alipumua, akakubali shingo upande. Alimchoma Pamba sindano, akawaeleza namna ya kumtunza: wamweke kwenye boksi dogo lisilo na rafu, mahali pa ubaridi na utulivu, juu ya taulo, asipate nafasi ya kuruka. Wasimfunge kitu mguuni, kwa sababu kitambaa kikikaza damu haipiti na nyama inakufa. Wasimwogeshe maji wala vumbi. Na kwa kuwa chinchila akikaa siku nzima bila kula tumbo lake husimama, wamlishe uji mwembamba wa majani yaliyosagwa kwa bomba la sindano, kidogo kidogo, pembeni mwa mdomo. Kila alichokisema kilimchoma Chiriku, maana yeye alikuwa amefanya karibu yote kinyume.

Waliporudi nyumbani, Baba alikibeba kizimba hadi karakana. Alijaribu kuingiza kidole chake kidogo kwenye lile pengo, kisipite. Akajaribu kalamu, ikakwama. Akakaa juu ya kigoda akaitazama mikono yake, huku na huku, kama mtu aliyekabidhiwa mikono ya mwenzake kwa makosa. Kisha akachukua simu. Chiriku alikuwa mlangoni na alisikia kila neno. Baba alimwambia mwenye duka kwamba ampe kazi ile fundi mwingine, kwamba kizimba chake kimemvunja mnyama mguu na hata yeye mwenyewe haelewi kimemvunjaje, na kwamba hataki kuuza kitu asichokielewa. Alishukuru, akaaga kwa heshima, akakata simu.

Mama alitoka kumwambia asijilaumu hivyo, kwamba ni ajali tu. Baba akamjibu kwamba ajali huwapata wasioijua kazi.

Mchana ule Chiriku alikaa na boksi mapajani. Pamba aliutema uji. Alikuwa anasaga meno, sauti ndogo ya kukwaruza, na daktari alikuwa amewaambia kwamba chinchila husaga meno hivyo akiwa kwenye maumivu makali. Mara moja alifumbua macho, akamtazama, akayafumba tena. Chiriku aliona aibu isiyosemeka, akaogopa, na juu ya yote akachoka na nafsi yake. Aliliweka boksi chini, akaenda karakana.

Baba alikuwa anakikata kizimba kwa grinda, cheche zinaruka. Chiriku alisema mara ya kwanza, mashine ikameza maneno yake. Alisema mara ya pili. Baba akazima.

"Si pengo, Baba."

"Nini si pengo?"

"Mguu ulinaswa kwenye waya wa sakafuni. Niliutoa ubao."

"Leo?"

"Juzi, Alhamisi. Nilikuwa nautoa kila jioni ukishachungulia, ili nisiusugue. Na niliufunga mguu kwa kitambaa cha Mama, halafu nikakitupa."

Baba alivua miwani yake ya giza. Macho yake yalikuwa mekundu, na haikuwa kwa cheche. Chiriku alingoja kofi, na ukweli ni kwamba alilitamani; kofi hupigwa likaisha.

"Nimemwambia daktari kwamba husemi uongo," Baba akasema taratibu. "Nimesimama pale nikamwapia." Akaning'iniza miwani kwenye msumari. "Lete boksi. Utamwambia wewe mwenyewe, mimi sina mdomo tena wa kumwambia."

Alimwambia. Alisimama mbele ya ile meza akaeleza yote, ubao, nyayo nyekundu, utepe na kijiti, na kwa mara ya kwanza maishani alitumia maneno machache. Daktari hakumkatiza. Akavaa glavu, akawaambia wangoje nje, na mlango ukafungwa.

Walingoja saa mbili kwenye benchi. Daktari alipotoka alisema Pamba yu hai, lakini uozo ulikuwa umepanda, na ameukata mguu juu kabisa, nyongani. Chinchila anaweza kuishi na miguu mitatu, alisema, na wengine huishi miaka mingi. Huyu usiku wa leo ndio utakaosema.

"Kama ningesema Alhamisi," Chiriku akauliza, "mguu ungepona?"

Mtu mwingine angempaka mafuta. Daktari alikaa kwenye benchi karibu naye, akafikiri kwanza.

"Pengine," akajibu. "Mfupa mwembamba vile ni mgumu kuunga, siwezi kukuahidi. Lakini ulikuwa na damu, ulikuwa na uhai, tungejaribu. Hiyo pengine ndiyo uliyomnyima. Hata leo asubuhi nilikuuliza, ukamnyima tena. Mnyama hawezi kuniambia anaumwa wapi wala tangu lini. Anayemfuga ndiye anayemsemea. Ukinidanganya wewe, mimi ninamtibu mnyama mwingine asiyekuwepo mezani."

Chiriku alilia. Daktari alimwachia alie, hakumbembeleza, ila hakuondoka kwenye benchi.

Pamba aliuvuka usiku ule, na wa pili. Jumatatu aliula uji wote. Siku hiyohiyo, baada ya shule, Baba alimchukua Chiriku hadi duka la wanyama ili amweleze mwenye duka kilichotokea. Yule bwana alimsikiliza, akajikuna kidevu, akasema pole, na Pamba akawaachia wakae naye. Kisha akamgeukia Baba, akasema fundi wa mtaa wa pili amekwisha kuleta vyuma na kazi imeanza. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na wateja wanaongoja. Baba akasema anaelewa.

Walirudi kwa miguu. Chiriku alijikaza mpaka karibu na nyumbani, ndipo akasema samahani kwa ajili ya vile vizimba kumi na viwili. Baba alisimama.

"Kuchoka kazi si dhambi," akasema. "Ungeniambia umechoka, ningekusaidia kusugua. Hata mguu ulipovunjika, ningekasirika, ningefoka, jioni yangekwisha. Vizimba navyo, kazi huja na kwenda. Lakini Jumamosi, tangu asubuhi, nilikaa nikiamini mikono yangu imeharibu, na wewe unanitazama. Miaka ishirini nimeiamini mikono hii. Kosa lako ulilificha kwangu, na lilipofichwa lilihitaji mtu wa kulibeba. Ukificha kosa, mwanangu, haliondoki. Linahamia kwa asiyehusika. Safari hii lilihamia kwangu na kwa yule mnyama."

Waliendelea na safari.

Wiki ile Baba alitengeneza kizimba kipya, ingawa hakuna aliyekiagiza. Kilikuwa cha chini, rafu moja tu, urefu wa shubiri kutoka sakafuni, ili mnyama wa miguu mitatu akianguka asiumie. Sakafu yote ilikuwa ya mbao, haina waya hata kidogo, na kuta zake zilikuwa za waya wenye matundu madogo yasiyopitisha kidole cha mtoto. Kila ncha aliipiga tupa, kisha akapitisha pamba ya dawa kila kona aone kama kuna panaponasa. Daktari alikuja kukitazama, akasema hana la kuongeza, ila mnyama akaguliwe miguu, meno na manyoya kila siku, na likionekana lolote lisemwe siku hiyohiyo.

Chiriku alirudi kwenye ubao wake. Sasa kazi ilichukua dakika arobaini, maana ubao ulikuwa mkubwa zaidi na alilazimika kumgeuza Pamba taratibu, akiwa amempakata mapajani, aone nyayo tatu zilizobaki. Pamba alijifunza kuruka kwa kuegemea upande mmoja. Alipoguswa na Mama alitulia. Alipoguswa na Chiriku alianza kwa kutetemeka, kisha akatulia, na ilikuwa hivyo kila asubuhi.

Na kila asubuhi, akishamaliza, Baba alikuja. Alifungua mlango wa kizimba, akapitisha kiganja juu ya ubao kutoka kona hadi kona, akainama akatazama chini yake, akafunga, akaenda zake karakana. Mwezi ulipita hivyo, ubao ukiwa safi kila siku, na asubuhi moja Chiriku alishindwa kuvumilia.

"Utakagua mpaka lini, Baba?"

Baba alifikiri, mkono ukiwa bado ndani ya kizimba.

"Mpaka siku nitakayosahau kuja," akasema.

Kesho yake alikuja tena, na siku iliyofuata pia.